Vifungo vya Mgongoni

Nimeitwa majina mengi katika umri wangu huu, lakini hilo la "kasumba ya Kiingereza" nimelipata uzeeni, na nimelipata kwa sababu ya sinema. Mpwa wangu mmoja, kijana aliyesoma akahitimu, alinikuta sebuleni nikitazama Downton Abbey kwa mara ambayo sasa siihesabu tena. Akasimama mlangoni akatikisa kichwa. "Mama mkubwa," akasema, "bibi alikuwa yaya wa Wazungu maisha yake yote, na wewe unakaa kuwatazama Wazungu hao hao wakivishwa nguo!"

Siku ile sikumjibu, kwa kuwa wali ulikuwa unaungua jikoni. Namjibu hapa. Na nikishamaliza naye nina neno na wengine, akina mama wenzangu wanaoipenda tamthilia hii kama ninavyoipenda mimi, ambao kosa lao ni kubwa kuliko lake.

Kwa msomaji ambaye hajaiona, niseme kwa kifupi. Ni hadithi ya jumba la tajiri mmoja wa ukoo bora huko Yorkshire, Uingereza, Lord Grantham, mkewe na mabinti zake watatu, pamoja na watumishi wanaoishi chini ya jumba hilo hilo. Ilitungwa na Julian Fellowes. Ilionyeshwa kwenye televisheni kuanzia 2010 hadi 2015, kisha zikafuata filamu tatu, mwaka 2019, 2022 na 2025. Hadithi inaanza Aprili 1912, habari za kuzama kwa meli ya Titanic zinapofika, na filamu ya mwisho inatufikisha 1930. Jambo moja linanichekesha kila nikilikumbuka. Vyumba vya mabwana vilipigwa picha katika jumba la kweli, Highclere, lililoko Hampshire, lakini jiko na vyumba vya watumishi vilijengwa kwa mbao katika studio za Ealing, London. Kwa hiyo sahani ya supu inayotoka mikononi mwa Daisy jikoni inafika mezani kwa bwana katika mkoa mwingine kabisa. Umbali huo wa juu na chini katika nyumba moja, watengenezaji wa picha waliupima kwa barabara kuu!

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona Ngamiani, hapa Tanga, zaidi ya miaka arobaini: sare za shule, magauni ya harusi, suti za akina mama wa vyama. Mtu wa kazi yangu hawezi kuitazama tamthilia hii kama watu wengine. Wenzangu wanafuata nani ataoa nani. Mimi nafuata pindo, mkato, namna hariri inavyolala kwenye nyonga. Siku Lady Sybil alipoingia sebuleni kwao amevaa suruali pana ya buluu badala ya gauni, familia nzima ikashika vinywa, nilirudisha nyuma mara nne, si kwa ajili ya vinywa vyao bali kuona kiuno kimekamatwaje. Sioni haya kusema kwamba ni raha tupu. Mpwa wangu akitaka kunivua raha hiyo kwa jina la ukombozi, basi kwanza aniambie ni kitabu gani cha ukombozi kilichosema fundi asitazame kazi ya fundi mwenzake.

Mwaka 2016 nilikwenda kumwuguza binti yangu aliyejifungua Marekani. Mtoto alipotimiza arobaini, binti alinipeleka kuona mavazi yenyewe. Yalikuwa ni maonyesho ya mavazi 36 yaliyozungushwa katika majumba ya makumbusho ya nchi ile kuanzia 2015, na mavazi hayo yalitoka Cosprop, nyumba ya mavazi ya sinema ya London iliyoanzishwa na John Bright mwaka 1965. Cosprop hukodisha. Gauni ulilomwona nalo bibi huyu leo, kesho utamwona nalo bibi mwingine katika picha nyingine. Nilifurahi sana kulijua hilo. Kumbe hata mabinti wa Lord Grantham wanavaa nguo za kukodi, kama maharusi wetu wa Jumamosi!

Basi nilisimama mbele ya sanamu moja iliyovikwa gauni la jioni la kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, hariri juu, lesi juu ya hariri, na shanga juu ya lesi. Watu waliliangalia, wakasoma kikaratasi, wakapita. Mimi nikataka kuona mgongo. Nguo hujulikana kwa nyuma na kwa ndani. Mbele kila fundi hujitahidi. Nikajipenyeza pembeni, shingo nimeipinda kama kuku anywaye maji, hadi mlinzi akanikohoa. Lakini nilikuwa nimeshaona. Kutoka shingoni hadi chini ya kiuno kulikuwa na msururu wa kulabu ndogondogo, zimebanana, nyingine zimefichwa ndani ya mshono. Hakuna mwanamke duniani anayeweza kujifunga kulabu zile mwenyewe. Mikono ya binadamu haifiki. Na chini ya gauni kama lile huvaliwa koseti, nayo ina kamba zake mgongoni.

Nilimkumbuka mama yangu pale pale, katikati ya wageni.

Mama alikuwa yaya katika nyumba ya meneja wa shamba moja la mkonge, si mbali na mji huu, katika miaka ya hamsini. Kazi yake ilikuwa watoto, lakini jioni za dansi memsahibu alimwita chumbani amfunge gauni. Nilipokuwa msichana nilimwuliza memsahibu alikuwa na sura gani. Akafikiri kidogo, akaniambia, "Mgongo wake naujua kuliko uso." Alijua baka lililokuwa chini ya bega la kushoto. Alijua mwezi gani amenenepa, na jioni gani alikuwa analia, kwa jinsi mbavu zilivyokuwa zikienda. Miaka saba mama alifunga mgongo ule. Walipoondoka kurudi kwao baada ya Uhuru, memsahibu alimwachia sanduku la nguo kuukuu, akamwambia kwamba alikuwa kama mtu wa nyumbani. Mshahara wa mwezi wa mwisho ulisahauliwa.

Kwa hiyo, mpwa wangu, jibu lako ni hili. Mimi sikai pale kumtazama Lady Mary akivishwa. Namtazama Anna akimvisha. Katika tamthilia ile yote hakuna picha zinazorudiwa kama hizo: Mary ameketi mbele ya kioo, Anna amesimama nyuma yake, mikono haitulii, na mazungumzo yote ya maana yanapitia kwenye kioo kwa sababu hawatazamani uso kwa uso. Wewe uliyesoma unaona bwana na mtumwa, ukageuza kichwa. Ukigeuza kichwa hutamwona bwana, sawa, lakini na bibi yako hutamwona.

Sasa nirudi kwa akina mama wenzangu, ambao ndio hasa walionifanya nishike kalamu.

Hawa hawageuzi kichwa. Wanatazama, wanalia, wanajua majina yote. Na baada ya kulia wanasema neno ambalo nimelisikia sebuleni kwangu, harusini, na hata msibani: "Zamani watumishi walikuwa na adabu. Na mabwana nao walikuwa na huruma. Walikuwa familia moja." Kisha wanaanza kuwasema mahausigeli wao. Huyu kala nyama, yule kachezea simu, mwingine katoroka bila kuaga. Lau wangekuwa kama akina Anna!

Sikatai kwamba tamthilia yenyewe imewafundisha hivyo. Bi Patmore, mpishi, anapoanza kupofuka, Lord Grantham anampeleka London kutibiwa macho, na Anna anakwenda naye. Bates anapotiwa jela, bwana anahangaika naye. Ni mambo mazuri, nami nililia kama wengine. Lakini angalia yalivyopangwa: kila jema linalomfikia mtumishi linatoka moyoni mwa bwana. Moyo wa bwana ukiwa mwema, mpishi ataona. Usipokuwa mwema?

Waingereza wa kweli wa nyakati zile walikuwa na swali hilo hilo, na jibu lao halikuwa la kupendeza. Mwaka 1911 serikali yao ilipitisha sheria ya bima ya taifa, ili mfanyakazi akiugua apate tiba na fedha kidogo ya kujikimu. Watumishi wa majumbani nao waliingizwa. Bibi mwenye nyumba alitakiwa achangie peni tatu kwa wiki kwa kila mtumishi wake wa kike, na mtumishi peni tatu, na stempu zibandikwe kwenye kadi. Basi Novemba ya mwaka huo mabibi waliujaza ukumbi wa Royal Albert Hall, London, kupinga. Walisema hawatalamba stempu. Na walisema, sikiliza sana hapa, kwamba sheria hiyo itaharibu uhusiano mwema uliopo kati ya bibi na watumishi wake. Peni tatu! Hiyo ndiyo familia moja, miezi mitano tu kabla ya hadithi yetu kuanza.

Na zile sare nyeusi na aproni nyeupe, ambazo kwenye maonyesho wenzangu huziona ni za kupendeza na nadhifu? Msichana wa Kiingereza aliyetaka kazi ya ndani mara nyingi alitakiwa aje na sare zake mwenyewe: gauni la kitambaa chepesi la asubuhi, gauni jeusi la mchana, aproni kadhaa, kofia. Mama zao walikopa, au msichana alifanya kwanza kibarua kingine mpaka zipatikane. Krismasi ilipofika, zawadi ya bibi mara nyingi ilikuwa kipande cha kitambaa cha kushonea sare nyingine. Yaani zawadi yake ni kazi! Margaret Powell, aliyekuwa mtumishi wa jikoni katika miaka ya ishirini na baadaye akaandika kitabu kilichotoka 1968, alieleza jinsi alivyotakiwa kupiga pasi kamba za viatu. Si viatu, kamba zake. Kitabu hicho ndicho kilichowatia hamu watengenezaji wa tamthilia za namna hii, lakini katika kukivisha hariri mengi yalidondoka njiani.

Hayakudondoka yote, ndiyo maana nasema mavazi ni shahidi mwaminifu kuliko mazungumzo. Maneno ya waigizaji yanaweza kutiwa sukari, nguo haitiwi. Itazame tangu 1912 hadi 1930 utaona. Mwanzoni kuna koseti na kulabu, na kila bibi ana mtu wa kumvika. Vita vinakuja, wasichana wanakwenda viwandani, hospitalini na maofisini, na wengi hawarudi kuwasha moto alfajiri katika nyumba za watu. Kufika katikati ya miaka ya ishirini gauni limekuwa jepesi, limenyooka kama gunia zuri, linaingia kwa kichwani na kushuka lenyewe. Lady Mary anakata nywele fupi. Wenzangu wanaita hiyo ni mitindo. Fundi anaona jambo jingine: gauni limejifunza kuvaliwa na mtu mmoja. Siwezi kusema lipi lilitangulia, watumishi kupungua au kulabu kupungua, lakini viwili hivyo viliondoka vimeshikana mikono.

Filamu ya kwanza, ile ya 2019, ambamo Mfalme George wa Tano na Malkia Mary wanakuja kulala Downton, inalo gauni lililoniudhi. Lady Edith ameagiza gauni la dansi, limefika halimtoshi. Anayeokoa jahazi ni Miss Lawton, mtumishi wa mavazi wa malkia, fundi hodari kweli kweli. Lakini kwa nini anakubali kulirekebisha? Kwa sababu Anna amemfumania kuwa anaiba vitu vidogo vidogo vya nyumba, naye anashona ili asitajwe. Basi fundi hodari kuliko wote katika filamu ile ni mwizi, na kazi yake ya masaa mengi ni malipo ya kunyamaziwa. Gauni linapotokea kwenye dansi tunaambiwa tumshangilie Edith. Mimi nilikuwa nauliza macho ya Miss Lawton yalikuwaje asubuhi, baada ya kazi ile.

Filamu ya pili, ya 2022, ndiyo iliyonikamata mimi mwenyewe, na singekuwa mkweli kama ningewasema wenzangu nikajificha.

Tuliitazama kwangu Jumapili moja mwaka 2023, majirani watatu na mimi. Katika filamu hiyo kampuni ya sinema inakuja kupiga picha Downton, ni 1928, sinema bubu zinageuka kuwa za kusema. Fedha zinawapungukia, wale watu wa kujaza nafasi hawajalipwa, basi wanaacha kazi wanaondoka. Hapo watumishi wa jumba wanavishwa nguo za kifahari, wanaketi kwenye meza ile ile ambayo kila siku huihudumia, na kamera inawapiga wao. Majirani walicheka mpaka wakashikana. Na mimi nilicheka. Ni mahali patamu sana, mpishi kavaa kama bibi, na kwa mara moja kulabu zimefungwa kwenye mgongo wa aliyezoea kuzifunga.

Binti wa kazi alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Alikuwa amesimama kwa muda, maana chai ilikuwa imepoa tulipoionja. Hakuna aliyekuwa amemwambia aketi. Watu walipokuwa wakiondoka kwenye picha kwa kukosa malipo, aliuliza polepole, bila kumwuliza mtu, "Kwa hiyo hawa wamegoma?" Kisha akaweka sinia, akarudi jikoni.

Miezi mitano. Nilihesabu pale pale, filamu ikiendelea. Nilikuwa nimemwambia mshahara wake ninamtunzia, asije akaumaliza kwa vitu vya ovyo, siku akienda kwao Singida ataondoka nao wote kwa mkupuo. Nilimwambia hivyo kwa nia njema, au nilidhani ni nia njema. Ukweli ni kwamba fedha ile haikuwapo. Niliinunulia vitambaa vya msimu wa Idi, na vitambaa vilikuwa kabatini. Na wageni walipoulizia habari zake nilikuwa nikisema, kwa kinywa hiki hiki, "Huyu ni kama mwanangu."

Wanangu hawakai miezi mitano bila kupewa chao.

Msinijibu, wenzangu, kwamba hali ni ngumu na mishahara ya waume ni midogo. Naijua hali. Mabibi wa Albert Hall nao walikuwa na sababu. Sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 haikumwacha nje mtumishi wa ndani, na Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba mzima juu ya kazi za majumbani mwaka 2011, mwaka ule ule ambao tamthilia yetu ilikuwa imeshika moto duniani kote. Tulimlilia Daisy kwenye kioo huku Daisy mwingine akitupigia deki nyuma ya kochi. Mwaka 2025 vitu vya Downton vilipigwa mnada na Bonhams, London, baada ya kuonyeshwa kwa watu: magauni, samani, na hata ule ubao wa kengele za kuwaitia watumishi. Kuna mtu sasa ana kengele zile nyumbani kwake kama pambo. Sisi wengine hatuhitaji kununua. Tunaita kwa sauti, na kwa jina ambalo wakati mwingine si lake.

Wala sisemi tuache kutazama. Nitaitazama tena ya tatu, ile ya 2025, hasa lile gauni jekundu la Lady Mary, na mpwa wangu akitaka aje, atapewa kiti. Ninachokikataa ni kupita mbele ya sanamu, kusoma kikaratasi na kusema zamani ilikuwa njema.

Vitambaa niliviuza kwa hasara kwa fundi wa jirani, nikamlipa binti miezi yake mitano mezani, tukihesabu wote wawili, naye ameketi. Nilidhani ataondoka kesho yake. Alikaa miezi minane zaidi. Kabla ya kwenda kwao alinunua kitenge mwenyewe sokoni, akaniletea nimshonee gauni. Nilimpima, nikamwuliza zipu nimwekee wapi, mgongoni kama wanavyopenda wasichana siku hizi?

"Ubavuni, mama," akasema. "Kule nitakuwa nalala peke yangu."

Nilimtoza bei ya ufundi ninayomtoza kila mtu. Aliomba nimpunguzie, tukabishana kidogo, tukapatana.